Kaisari wa dinari, Kaisari wa Brutus na mume wa Pompeia: je, ni mtu mmoja?

Mwalimu wa Fasihi aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita, na kwa sasa tunachambua namna waandishi na wasemaji wanavyowataja watu wa kale ili waseme mengi kwa maneno machache: huyu amenawa mikono kama Pilato, yule ana roho ya Firauni, mwingine amechomwa kisu na Brutus wake. Katika insha nilizokusanya, mwanafunzi mmoja, tena hodari, aliandika kwamba Kaisari ambaye Yesu aliagiza alipwe yaliyo yake ndiye yule yule aliyeuawa baadaye na Brutus na wenzake. Nilipoisoma sentensi hiyo mbele ya darasa bila kumtaja mwenyewe, wengi hawakuona kasoro yoyote, na mmoja akaongeza kwa kujiamini kwamba hata ule msemo wa mke wa Kaisari kutotakiwa kushukiwa umo katika Agano Jipya.

Najua kwamba hawa si mtu mmoja, lakini nikiri kuwa maelezo yangu ya papo kwa papo hayakuwashibisha. Ninachoomba ni maelezo yanayoweza kusimama mbele ya vijana wabishi: Kaisari wa Injili ni nani hasa, msemo wa mke wa Kaisari ulitoka wapi, na Brutus alimfanyia nini mtu huyo hata jina lake likawa sawa na usaliti. Kama kuna mwenye ujuzi wa akina Herode na Firauni, naye asinyamaze, maana nahisi ugonjwa ni huo huo.

Msomaji wa Historia alijibu:

Mwalimu, heshima yako. Anza na tarehe, maana zenyewe zinamaliza nusu ya ubishi. Julius Caesar aliuawa Roma tarehe 15 Machi mwaka 44 KK. Yesu aliulizwa habari ya kodi mnamo mwaka 30 BK. Kati ya matukio hayo mawili kuna zaidi ya miaka 70, kwa hiyo mtu wa kwanza alikuwa amekwisha kuwa majivu kabla wazazi wa wengi waliosimama pale hekaluni hawajazaliwa.

Jambo linalowachanganya vijana wako ni kwamba Kaisari lilianza kama jina la ukoo, likaishia kuwa cheo. Julius hakuacha mwana halali wa Kirumi, na katika wosia wake alimfanya mjukuu wa dada yake, kijana aliyeitwa Octavius, kuwa mwanawe na mrithi. Kijana huyo akalichukua jina la baba mlezi, akawashinda wapinzani wake wote, na mwaka 27 KK Seneti ikampa jina la Augusto. Huyu ndiye Kaisari Augusto wa Luka 2:1, ambaye amri yake ya kuandikwa watu inasomwa kila Krismasi. Augusto naye akamfanya Tiberio kuwa mwanawe, na jina likaendelea kupokezanwa ndani ya nyumba hiyo hadi kwa Nero, aliyejiua mwaka 68 BK. Waliofuata hawakuwa na damu wala wosia wa nyumba ile, lakini walilishika jina kwa sababu kufikia wakati huo hakuna aliyeweza kutawala Roma bila kuitwa hivyo.

Kaisari wa kodi, basi, ni Tiberio, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK, na Luka 3:1 inamtaja kwa jina. Ukiweza, waonyeshe wanafunzi picha ya dinari yake. Ni sarafu ya fedha yenye uzito usiofika gramu nne, na upande mmoja kuna kichwa cha mtu aliyevikwa taji la majani, kikizungukwa na maandishi ya Kilatini yaliyofupishwa ambayo maana yake ni “Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliye mungu”. Upande wa pili ameketi mwanamke mwenye fimbo ya enzi, na maandishi yanamtaja mtawala huyo kuwa kuhani mkuu wa Roma. Wataalamu wengi wa sarafu huitambua hii kuwa ndiyo iliyoletwa siku ile, kwa kuwa ilisambaa sana wakati huo. Sasa rudini kwenye Mathayo 22:20 mlisome swali la Yesu: “Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?” Waliomletea sarafu walikuwa wamebeba mikononi, ndani ya eneo la hekalu, kitu chenye sura ya mtu na maneno yanayomwita baba yake mungu. Jibu lake lina ncha kali kuliko tunavyolitumia siku hizi, tunapomnukuu mtoza ushuru anayetukumbusha tarehe ya mwisho ya kulipa.

Swali lenyewe pia lilikuwa mtego wenye historia. Mwaka 6 BK Warumi walimwondoa mtawala wa Uyahudi, wakaifanya nchi hiyo kuwa jimbo lao na kuhesabu watu na mali ili watoze kodi. Yuda Mgalilaya akaongoza uasi kwa sababu hiyo, na habari zake zimeguswa katika Matendo 5:37. Kusema kodi isilipwe kulikuwa kujiunga na waasi hao. Kusema ilipwe kulikuwa kujitenga na watu waliolemewa nayo.

Kuna Kaisari mwingine ambaye wanafunzi humsahau. Paulo aliposimama mbele ya liwali Festo akasema, “Nataka rufani kwa Kaisari”, aliyekuwa anakata rufani kwake ni Nero. Wanasheria wanaoupenda mstari huo wa Matendo 25:11 kama mfano wa haki ya kusikilizwa katika baraza la juu hawapendi sana kutaja jina la hakimu mwenyewe.

Na kwa kuwa cheo hicho hakikuishia Roma, unaweza kuwaletea pia rupia ya fedha ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 1890. Ina kichwa cha Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na kandokando maandishi ya Kilatini, kama ile dinari. Kwao aliitwa Kaiser, ambalo ni jina la ukoo wa Julius lililosafiri hadi Berlin. Babu zetu waliodaiwa kodi kwa rupia hizo waliweza kulisikia swali la sanamu na anwani kwa masikio tofauti na sisi.

Wakili wa Kujitegemea alijibu:

Nimshukuru aliyetangulia, nami nichukue suala la mke, kwa sababu katika kazi yetu msemo huo hautupiti wiki nzima bila kuusikia. Hakimu akiombwa ajitoe katika shauri, au mtumishi wa umma akikutwa na zawadi isiyoeleweka, lazima atokee mtu wa kukumbusha kwamba mke wa Kaisari hatakiwi hata kushukiwa. Msemo huo haumo katika Biblia, si katika Agano la Kale wala Jipya. Umetoka kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika maisha ya watu mashuhuri zaidi ya miaka 150 baada ya tukio, na Kaisari anayehusika ni Julius mwenyewe, yule wa Brutus.

Kisa ni hiki. Mwezi Desemba mwaka 62 KK wanawake wa tabaka la juu wa Roma walikusanyika nyumbani kwa Julius kwa ibada ya usiku ya mungu wa kike aliyeitwa Mungu Mwema. Ibada hiyo ilifanyika kila mwaka katika nyumba ya kiongozi mkubwa wa serikali, na ilikuwa mwiko mkubwa kwa mwanamume kuwapo. Hata mwenye nyumba alitakiwa kuhama usiku ule. Julius alikuwa ameoa Pompeia, na ilivuma kwamba kijana mmoja wa ukoo mkubwa, Publius Clodius, alikuwa akimtaka mwanamke huyo. Clodius, ambaye bado hakuwa na ndevu, akavaa nguo za kike kama mpiga kinubi na kuingizwa ndani na kijakazi aliyekuwa akijua mpango huo. Kijakazi akaenda kumwita bibi yake, akachelewa, na Clodius akachoka kungoja, akaanza kuzunguka vyumbani akikwepa taa. Mtumishi wa Aurelia, mama yake Julius, akakutana naye na, kama wanawake wafanyavyo katika shughuli, akamvuta waende wakacheze pamoja. Aliposita akamuuliza yeye ni nani na ametoka wapi. Clodius akajibu, na sauti ikamsaliti. Mtumishi akapiga kelele kwamba amekamata mwanamume, Aurelia akasimamisha ibada, akafunika vitu vitakatifu, akaamuru milango ifungwe na nyumba ipekuliwe kwa mienge. Wanawake wakamtoa nje, na usiku huo huo kila mmoja akaenda kumsimulia mumewe.

Julius akampa Pompeia talaka. Clodius akashtakiwa kwa kuinajisi ibada, na Julius akaitwa kutoa ushahidi. Akasema hajui lolote juu ya tuhuma zile. Alipoulizwa kwa nini basi amemwacha mkewe, akajibu kwamba mke wake hakupaswa hata kushukiwa.

Wanaounukuu msemo huu kortini huchukulia kwamba aliyesema alikuwa mtu mwenye kipimo kikali cha uadilifu. Mimi nikiisoma habari yote namwona mwanasiasa aliyetoka kwenye shimo kwa ustadi mkubwa. Clodius alikuwa kipenzi cha watu wa mitaani, na Julius hakutaka ugomvi nao. Kwa kusema hajui lolote alimwachia mshtakiwa njia, na kwa kumtaliki mke alijiepusha mwenyewe na aibu. Yeye binafsi alifahamika Roma nzima kwa kuwatongoza wake za wakubwa wenzake. Cicero, msemaji na mwanasiasa mashuhuri wa Roma aliyethubutu kutoa ushahidi kwamba Clodius alikuwa mjini siku ile na wala hakuwa mbali kama alivyodai, alijipatia adui wa maisha. Mahakimu wa baraza waliomba walindwe na askari, kisha 25 wakapiga kura ya hatia na 31 ya kumwachia huru, huku ikijulikana kwamba fedha zilipita. Catulus, mzee wa Seneti, akamuuliza mmoja wao kama ulinzi waliouomba ulikuwa wa kuzuia wasiporwe rushwa njiani. Miaka mitatu baadaye Clodius akawa mtetezi wa makabwela serikalini, akifanya kazi upande wa Julius, na akamfukuza Cicero mjini.

Kuhusu kosa la Pompeia, hakuna aliyelithibitisha. Yeye ndiye pekee aliyeadhibiwa.

Mpenzi wa Tamthilia alijibu:

Wakili amenifungulia njia kwa kumtaja Julius kama mwanasiasa, maana bila kulijua hilo usaliti wa Brutus unakosa uzito. Wengi wetu tulimfahamu Brutus kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, kisha ikasahihishwa na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwa hiyo tuliyo nayo kichwani ni picha ya jukwaani, nayo si lazima ifanane na ile ya kumbukumbu za Roma.

Marcus Brutus alipigana upande wa Pompey, mpinzani mkuu wa Julius, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pompey aliposhindwa huko Pharsalus mwaka 48 KK, Julius alimsamehe Brutus, akampa ugavana wa Galia ya upande wa Italia, kisha akampa uhakimu mkuu wa mji kwa mwaka 44 KK, mwaka ule ule wa mauaji. Mama yake Brutus, Servilia, alikuwa hawara wa Julius kwa miaka mingi, na hapo ndipo ulipotokea uvumi kwamba Brutus ni mwanawe wa kuzaa; lakini Brutus alizaliwa Julius akiwa na umri wa miaka 15 hivi, kwa hiyo uvumi huo una kazi ngumu. Zaidi ya hayo, Brutus alijihesabu kuwa wa ukoo wa yule Brutus wa kale aliyesifiwa kwa kuwafukuza wafalme wa Roma mwaka 509 KK. Watu walikuwa wakimwandikia vikaratasi na kuviacha kwenye kiti chake cha uhakimu, wakimuuliza kama amelala. Mtu aliyesamehewa na kupandishwa cheo, lakini mwenye jina la ukoo linalomdai amwondoe yeyote anayetaka ufalme: hapo ndipo Shakespeare alipopata tamthilia.

Maneno maarufu ya mwisho, “Hata wewe, Brutus”, yameandikwa na Shakespeare kwa Kilatini katikati ya mazungumzo ya Kiingereza, na hayamo hivyo katika kumbukumbu yoyote ya kale. Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya makaisari, anasema Julius alichomwa mara 23 na hakutamka neno, ila aliguna tu kwa pigo la kwanza, kisha anaongeza kwamba wako waliosimulia kuwa alipomwona Brutus akimjia alimwambia kwa Kigiriki, “Nawe pia, mwanangu?” Plutarch anasema alijifunika kichwa kwa joho lake alipomwona Brutus ameshika kisu, akaacha kujitetea. Tabibu Antistius aliyekagua maiti aliona kwamba katika majeraha yote hayo ni moja tu, la pili, la kifuani, lililotosha kuua. Hata mahali si pale panapotajwa jukwaani. Shakespeare aliyaweka mauaji kwenye kilima cha Capitol, lakini Seneti siku hiyo ilikutana katika ukumbi uliojengwa na Pompey, na Julius alianguka chini ya sanamu ya Pompey mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo darasa lako litalipenda, kwa kuwa linarudia kosa lile lile la kuwachanganya watu wenye jina moja. Akina Brutus waliokuwa na visu siku ile walikuwa wawili. Wa pili ni Decimus Brutus, kamanda aliyepigana pamoja na Julius huko Galia (Ufaransa ya leo), rafiki wa meza moja, aliyeandikwa katika wosia kama mrithi wa daraja la pili. Asubuhi ya siku ya mauaji mke wa Julius, Calpurnia, alikuwa ameota ndoto mbaya na kumsihi asitoke, naye akakubali. Decimus ndiye aliyetumwa nyumbani, akamuuliza kama wazee wa Seneti waambiwe warudi siku nyingine Calpurnia atakapokuwa ameota ndoto njema, akamshika mkono na kumtoa. Shakespeare anamwita Decius, na wasomaji wanampita. Kwa kipimo cha ukaribu na hila, Decimus alistahili jina baya kuliko Marcus, lakini yeye hakuwa na mwanafalsafa wa kumtetea, kwa hiyo hadithi haikuwa na mahali pa kumweka.

Mwalimu, kwa kuwa somo lako linaunganisha Maandiko na fasihi, mtaje pia Dante, mshairi wa Italia. Katika utenzi wake juu ya jehanamu, kwenye shimo la chini kabisa, Shetani ana vinywa vitatu, na katika kila kimoja anamtafuna mtu: katikati ni Yuda Iskariote, na pembeni ni Brutus na Cassius, mwenzake katika njama ya mauaji. Tangu hapo wasomaji wa Ulaya wamezoea kuwaona Yuda na Brutus kama mapacha, ingawa mmoja alimuuza mwalimu wake kwa vipande 30 vya fedha na mwingine alidai kuikomboa jamhuri. Brutus alijiua mwaka 42 KK baada ya kushindwa vita karibu na Filipi, na askari wastaafu wa washindi wakapewa mashamba huko. Ndio mji ule ule ambao Paulo aliwaandikia Wafilipi wake.

Mwanafunzi wa Madrasa alijibu:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Juu ya Firauni nitasema kwa ufupi. Ni kweli, ugonjwa ni huo huo, kwa kuwa Firauni ni cheo cha wafalme wa Misri, wala si jina la mtu. Biblia humwita Farao yule aliyempandisha Yusuf na yule aliyemkatalia Musa, wakati Qurani humwita wa zamani za Yusuf “mfalme” na humwachia jina la Firauni yule wa Musa peke yake. Ndiyo sababu kwa Waislamu wa pwani Firauni ana sura moja tu, ya mtu jeuri aliyejiita mungu, na tusi la “we firauni” halimgusi hata kidogo yule mfalme wa ndoto za ng’ombe saba.

Si Qurani wala kitabu cha Kutoka inayomtaja huyo wa Musa kwa jina. Wengi humdhania Ramses wa Pili, aliyefariki mwaka 1213 KK, kwa kuwa Kutoka 1:11 inataja mji wa Ramesesi. Hiyo ni dhana yenye nguvu kiasi, na mwanafunzi asiiandike kama hakika. Wako mafarao waliotajwa kwa majina yao ndani ya Biblia, kama vile Shishaki katika 1 Wafalme 14:25 na Neko katika 2 Wafalme 23:29, lakini hao hakuna anayewatumia katika mafumbo, huenda kwa sababu mtu mwenye jina lake kamili humfaa mwanahistoria kuliko mshairi.

Katekista Mstaafu alijibu:

Mwalimu, nami nilifundisha katekisimu kwa muda mrefu, na Herode ndiye aliyenisumbua zaidi ya Kaisari. Watoto waliniuliza kila mara kwa nini Mungu alimwacha mtu aliyeua watoto wa Bethlehemu aishi hadi akamkata kichwa Yohana, akamdhihaki Yesu, akamuua Yakobo, kisha ndipo akaliwa na chango. Maisha marefu kama hayo yangekuwa muujiza.

Herode wa Mathayo 2 ni Herode Mkuu, mjenzi wa hekalu, aliyefariki mwaka 4 KK. Nyumba yake iliinuka kwa mkono wa Julius Caesar: baba yake, Antipater, alimsaidia Julius vitani Misri mwaka 47 KK, akalipwa kwa uraia wa Rumi na madaraka Uyahudi. Na hapa nimpe msomaji wa historia nyongeza: Suetonius anasimulia kwamba Julius alipouawa, Wayahudi wa Roma walikwenda kuomboleza mahali alipochomewa usiku baada ya usiku, kwa kuwa alikuwa amewalindia desturi zao. Kwa hiyo yule Kaisari wa Brutus alipendwa na watu wale wale ambao vizazi vitatu baadaye waliuliza kama ni halali kumlipa kodi Kaisari.

Herode Mkuu alipokufa, nchi iligawanywa kwa wanawe. Arkelao alipata Uyahudi, akatawala vibaya, akaondolewa mwaka 6 BK. Kuondolewa kwake ndiko kulikoleta maliwali wa Kirumi na ile hesabu ya kodi. Antipa alipata Galilaya na Perea. Huyu ndiye aliyemchukua Herodia, mke wa ndugu yake, akamfunga na kumuua Yohana, na ndiye Yesu alimwita mbweha katika Luka 13:32. Yule binti aliyecheza hana jina katika Injili. Jina la Salome, ambalo wachoraji na watunzi wamelitumia kupita kiasi, tumelipata kwa mwanahistoria Yosefo. Yosefo pia ndiye anayeeleza mwisho wa Antipa: Herodia alimchochea aende Roma akaombe jina la mfalme, na badala ya kulipata akanyang’anywa nchi na kuhamishiwa Galia mwaka 39 BK.

Herode wa Matendo 12, aliyemuua Yakobo na kumfunga Petro, ni Agripa wa Kwanza, mjukuu wa Herode Mkuu, aliyefariki Kaisaria mwaka 44 BK. Luka anasema watu walipaza sauti kwamba ni sauti ya mungu, wala si ya mtu. Yosefo anaongeza kwamba siku hiyo alivaa vazi lililofumwa kwa fedha tupu, likawaka kwa jua la asubuhi. Mwanawe, Agripa wa Pili, ndiye aliyemsikiliza Paulo kabla hajapelekwa kwa Nero. Mwandishi akisema “Herode” bila kufafanua, tazama kosa analolitaja: watoto ni la babu, kichwa kwenye sinia ni la mwana, na majivuno yaliyoliwa na chango ni la mjukuu.

Mwalimu wa Fasihi aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati, na nimekwisha kuomba dinari na rupia zitafutiwe picha. Swali moja dogo limebaki. Pilato naye ana wenzake, au huyu ni mmoja?

Msomaji wa Historia alijibu:

Ni mmoja, na kati ya wote mliowataja hapa ndiye aliye rahisi kumshika. Alikuwa liwali wa Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36 BK, akaondolewa kwa sababu askari wake waliwaua Wasamaria waliokusanyika kwenye mlima Gerizimu. Aliitwa Roma ajieleze mbele ya Tiberio, lakini Tiberio alifariki kabla hajafika. Habari ya kunawa mikono imo katika Mathayo 27:24 peke yake, nayo inafanana na tendo la wazee katika Kumbukumbu la Torati 21:6, ambao hunawa juu ya ndama wanapokana damu ya mtu aliyekutwa ameuawa shambani. Wasikilizaji wa Mathayo waliijua torati na walielewa kwamba liwali mpagani anatumia ishara yao. Kanisa la Ethiopia, kwa upande wake, humheshimu Pilato kama mtakatifu, jambo ambalo mwandishi anayemtumia kama mfano wa woga afadhali alijue kabla hajaalikwa Addis Ababa.

Ongeza picha ya tatu katika somo lako. Mwaka 1961 wachimbaji wa Kiitalia waliokuwa wakifukua ukumbi wa michezo wa Kaisaria, mji ambao Herode Mkuu aliujenga na kuuita kwa heshima ya Augusto, walikuta jiwe la chokaa lenye urefu wa sentimita 82 lililokuwa limegeuzwa ngazi. Upande mmoja umelika, lakini mstari wa kwanza bado unasomeka jina la jengo lililowekwa kwa heshima ya Tiberio, na wa pili unasomeka Pilato, herufi za mwanzo za jina lake la kwanza zikiwa zimevunjika. Jiwe lenyewe limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Israeli, Yerusalemu, na picha zake ni nyingi. Wape wanafunzi mistari hiyo miwili waisome wenyewe kabla hujawaambia ni ya nani.